Muulize Kambare: Mwongozo wa Kupima Uchafuzi wa Mto na Ziwa kwa Miili ya Viumbe

Watu wakishuku kwamba mto wao umechafuliwa, jambo la kwanza wanalofanya ni kuchota maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Majibu yanarudi yakisema maji hayana tatizo, mwenye mgodi anashangilia, wanakijiji wananung'unika, na mambo yanaishia hapo. Maabara haikukosea. Ilipima maji yaliyopita pale daraja saa nne asubuhi ya siku ile, na hayo yamekwenda zake. Yaliyopita usiku wa mvua kubwa, wiki mbili kabla, hayakuwamo ndani ya chupa.

Samaki alikuwapo usiku ule. Ndiyo maana mwongozo huu unakuelekeza kwake, na kwa konokono, ndege na tope, kabla ya kukuelekeza kwenye maji. Nimeuandika nikiwafikiria vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, walimu wenye klabu za mazingira, na vijiji vilivyo kando ya mito inayotoka kwenye machimbo ya dhahabu kuelekea Ziwa Victoria: Geita na Mara nchini Tanzania, na Migori ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mfano mkuu utakuwa zebaki, ambayo wachimbaji wenyewe huiita mekyuri, kwa sababu hakuna sumu inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini mwili unajua kuliko maji.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, akachanganya ule unga na zebaki, na zebaki ikaikamata dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa: zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hatimaye hushuka na mvua. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, yaani masalia ya ule unga wa mawe, na marudio yakirundikwa kando ya mto husombwa masika yakianza. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hapo ndipo balaa lenyewe linapoanza. Methili-zebaki hushikamana na protini, na mwili huitoa polepole sana. Mwani huinyonya, vidudu hula mwani, furu hula vidudu, sangara hula furu, na katika kila hatua kiwango hupanda. Katika mnofu wa samaki anayekula samaki wenzake, zebaki inaweza kufika mara milioni moja na zaidi ya ile iliyomo kwenye maji anamoogelea. Kiasi ambacho vifaa vya kawaida vya maabara havikioni majini, kwenye mnofu kinaonekana waziwazi.

Japani ilijifunza hili kwa gharama ya watu. Ugonjwa wa Minamata, uliosababishwa na methili-zebaki ndani ya samaki, ulitambuliwa rasmi Mei 1956, lakini kabla ya hapo wavuvi wa mji wa Minamata walikwisha kuona paka wao wakiyumba, wakizunguka kama waliopagawa na kutumbukia baharini, na ndege wakianguka. Wanyama waliokula samaki wa ghuba ile walitoa taarifa kabla ya hospitali. Jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017. Tanzania iliuridhia 2020.

Chagua kiumbe wako

Kiumbe wa kupimia awe anapatikana kwa wingi, anaishi miaka kadhaa, hahami sana, na ikiwezekana awe ni yule yule anayeingia kwenye sufuria za watu. Sifa hizi hazipatikani zote kwa samaki mmoja.

Kwa mito ya machimboni mimi ningeanza na kambare. Anaishi chini, karibu na tope ambamo zebaki hugeuzwa; anakula karibu kila kitu, wakiwamo konokono na samaki wadogo; na kila mtoto wa kijijini anamjua. Kasoro yake ni kwamba wakati wa mafuriko hupanda mito kwenda kutaga, kwa hiyo kambare wa masika huenda amekulia mbali. Mvue kiangazi. Kamongo naye anafaa mahali penye matete na madimbwi.

Sangara yuko juu kabisa kwenye mlolongo wa chakula, kwa hiyo ndiye anayekusanya zaidi, lakini huzunguka ziwa. Sangara mwenye zebaki nyingi akivuliwa mbele ya mwalo wenu hathibitishi kwamba imetoka kwenye mto wenu. Mtumie kujibu swali jingine: watu wanakula nini? Sato hula sana mwani na vyakula vya ngazi ya chini, na kwa kawaida zebaki yake huwa ndogo. Dagaa huishi muda mfupi, kwa hiyo kipimo chake hueleza hali ya hivi karibuni. Ukimpima dagaa na kambare wa mahali pamoja unapata habari za msimu huu na za miaka iliyopita kwa safari moja.

Kwa walioko pwani, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, kazi hii ni ya chaza na kome. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza kome watumike kuchunguza uchafuzi wa bahari, na nchi yake imekuwa ikifanya hivyo katika pwani zake tangu 1986. Kome amejishikiza mwambani, anachuja maji mchana na usiku, na hana pa kukimbilia. Tena ana faida moja kuu kwa wanaoishi karibu na bandari: samaki huvunjavunja sehemu kubwa ya kemikali za mafuta ya petroli ndani ya ini lake, kome hawezi. Ukitafuta mafuta kwenye mnofu wa changu unaweza ukakosa hata kama bahari inanuka dizeli.

Ndege wanaokula samaki, kama mnandi na furukombe, wana maelezo yao, na hawahitaji kuuawa. Ndege huitoa methili-zebaki mwilini kwa kuisukuma kwenye manyoya yanapoota, kwa hiyo unyoya uliodondoka chini ya mti wa mazalia ni sampuli kamili. Hata hivyo, kumshika ndege, kuchukua mayai yake, au kuokota chochote ndani ya hifadhi kunahitaji kibali. Zungumza kwanza na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Usimguse mamba, hata kama kuna mtu anakuambia gamba lake linafaa. Linafaa kweli, lakini si kazi ya kikundi cha kijiji.

Na kama shida yenu ni moshi wa kuchomea dhahabu, tazameni miti. Ile kuvumwani ya kijivu inayoota juu ya magome hunyonya zebaki moja kwa moja kutoka hewani. Wataalamu J. R. Ikingura wa Tanzania na Hirokatsu Akagi wa Japani waliitumia kwenye machimbo ya kanda ya ziwa na kuchapisha matokeo yao 2002.

Kila sumu ina makao yake

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hupeleka samaki mzima, wanaandika kwenye fomu "apimwe sumu", na maabara haina la kufanya. Lazima useme unatafuta nini, na ulete kiungo ambamo kitu hicho hukaa.

Zebaki hukaa kwenye mnofu. Risasi huenda kwenye mifupa, figo na ini. Kadimiamu hupenda figo. Dawa za zamani za wadudu za jamii ya DDT hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo kwa maeneo ya pamba leta samaki mnono, au ini, au yai. Dawa hizo ndizo zilizofanya maganda ya mayai ya kozi wa Uingereza kuwa membamba hadi yakavunjika chini ya mama, jambo lililogunduliwa na Derek Ratcliffe 1967 kwa kulinganisha mayai mapya na yale ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji. Sayanaidi, ambayo hutumika kwenye baadhi ya mitambo ya kuchenjulia dhahabu, ni habari nyingine kabisa. Inaua haraka, kisha inavunjika, haijilimbikizi. Kumpima samaki sayanaidi mwezi mmoja baada ya tukio ni kutupa hela.

Tofauti ya makao ina maana jikoni pia. Sumu ya kwenye mafuta unaweza kuipunguza kwa kuondoa ngozi na mafuta ya samaki. Zebaki huwezi. Haitoki kwa kukaanga, kukausha, kuchemsha wala kutia ndimu.

Kuchukua sampuli

Unahitaji maeneo mawili angalau: moja chini ya machimbo, jingine juu yake au kwenye mto jirani usio na machimbo lakini wenye udongo na miamba ya aina ile ile. Bila eneo la kulinganisha una namba tu, huna jibu. Fedha zikiwa kidogo, punguza aina za samaki, usipunguze maeneo. Kambare 10 wa chini na kambare 10 wa juu wana thamani kubwa kuliko mchanganyiko wa samaki 20 wa aina 7 waliopatikana mwaloni.

Samaki wawe na urefu unaokaribiana. Zebaki huongezeka na umri, kwa hiyo kambare wa sentimita 70 atakuwa na zebaki nyingi kuliko wa sentimita 35 hata wakiishi katika bwawa moja. Ukileta wakubwa kutoka machimboni na wadogo kutoka mto safi, umeshatengeneza matokeo kabla ya kupima, na mwanasheria wa kampuni atakaloliona kwanza ni hilo. Pima kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, pima uzito, andika jinsia kama unaweza kuitambua. Kwa sangara, usishuke chini ya sentimita 50, ambacho ni kipimo cha sheria. Kikundi kinachopima uchafuzi kwa samaki wa uvuvi haramu hakitasikilizwa na mtu.

Kazi ya kisu yenyewe si ngumu, ila inataka utulivu. Anza siku na eneo safi, malizia kwenye lile chafu, usije ukabeba uchafu kutoka huku kwenda kule. Vaa glavu zisizo na unga, na ubadilishe kwa kila samaki. Kisu kiwe cha chuma kisichoshika kutu, ubao uwe wa plastiki safi, na vyote vioshwe kwa maji yaliyochujwa, si ya mto ule ule. Laza samaki ubavu. Kata mnofu wa mgongoni, juu ya ule mstari unaopita katikati ya ubavu na chini ya pezi la mgongo, uondoe ngozi na mifupa. Gramu 50 zinatosha. Usiutoboe utumbo: kilichomo tumboni ni tope na mlo wa jana, na kikigusa mnofu kinaharibu kipimo. Aliyetoka kuchoma dhahabu au kushika zebaki asishike sampuli, hata kama amenawa.

Mnofu wa kupimwa zebaki na metali nyingine utie kwenye mfuko mpya wa plastiki wenye zipu. Wa kupimwa dawa za wadudu usiutie kwenye plastiki. Ufunge kwa karatasi ya alumini, kisha uutie kwenye chupa ya kioo. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka barafu inapoyeyuka na unabaki na mifuko 20 isiyo na majina. Weka kwenye boksi la barafu papo hapo, na siku hiyo hiyo kwenye friza. Chukua na tope la eneo hilo, sentimita 2 za juu tu. Lililo chini zaidi ni historia ya miaka ya nyuma. Na ukikusanya konokono kwenye kingo za Ziwa Victoria vaa mabuti ya mpira na glavu ndefu, kwa sababu kichocho hakina habari kwamba unafanya utafiti.

Kisha fomu ya makabidhiano. Karatasi moja inayoonyesha nani alivua, wapi, saa ngapi, nani alikata, nani alibeba, nani alipokea maabara, kila mmoja na saini yake. Inachosha, lakini ikikosekana mtu yeyote anaweza kusema samaki alinunuliwa sokoni.

Maabara, na hesabu ya baada yake

Kwa Tanzania, walioko kanda ya ziwa waulize kwanza maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza. Ipo pia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla ya kulipa, uliza kiwango cha chini kabisa ambacho mtambo wao unaweza kukiona, na kama watapima sampuli ya uthibitisho ambayo kiwango chake kinajulikana. Wakikuona msumbufu, vumilia.

Majibu yakija, kitu cha kwanza cha kutafuta ni maneno mawili: uzito mbichi au uzito mkavu. Samaki ana maji kiasi cha robo tatu ya mwili wake na zaidi. Zebaki ya miligramu 0.4 kwa kilo ya mnofu mkavu ni kama 0.1 tu kwa kilo ya mnofu mbichi, yaani samaki kama alivyo mezani. Viwango vya sheria vinahesabu mnofu mbichi. Ukilinganisha namba ya mkavu na kiwango cha mbichi utaogofya wilaya nzima bure.

Kiwango kinachotumika sana kwa samaki wa kawaida ni miligramu 0.5 kwa kilo. Tafiti za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta samaki wengi wa ziwa wazi wako chini ya hapo. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa kiwango cha sokoni hakikuwekwa kwa mtu anayekula samaki kila siku. Fanya hesabu hii. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilisema 2003 kwamba, ili kumlinda mtoto aliye tumboni, mtu asizidishe mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya mwili wake kwa wiki. Mama mjamzito wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo, ambaye sheria inampitisha bila kelele, ana mikrogramu 100 katika kila kilo. Mama huyo akila gramu 200 kwa siku, kwa wiki ni kilo 1.4, sawa na mikrogramu 140. Amepita. Anayenunua minofu mara moja kwa wiki huko Ulaya hajafika hata robo ya kiwango hicho.

Jibu lake si kuacha samaki. Ni kubadilisha samaki: dagaa na sato kwa wingi, sangara mkubwa na kambare wa machimboni kwa nadra, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo.

Samaki wakielea

Vifo vya ghafla ni suala tofauti, na hapa watu huhukumu kabla ya kuangalia. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa kwa wingi. Wengi walinyoosha kidole kwenye mgodi wa dhahabu wa jirani. Kamati ya serikali ikasema kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza oksijeni. Nchi nzima ikabishana, na vichekesho vikatungwa. Sitaamua mgogoro ule hapa. Ninachojua ni kwamba oksijeni kuisha kwenye mto ule si hadithi: utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya, mafuriko yanapokisomba kutoka madimbwini, huua samaki walioko chini. Nchi iliyokuwa na kumbukumbu za kila mwaka za mto ule, zilizowekwa na wanavijiji wenyewe, ingebishana siku mbili au tatu tu, basi.

Ukikuta samaki wamekufa, angalia nani amekufa. Kambare na kamongo wanaweza kupumua hewa ya juu. Kama sangara na sato wamekufa na kambare wanaishi, shuku kwanza kukosekana kwa oksijeni. Kama kambare nao wamekufa, pamoja na kaa, vyura na wadudu wa majini, shuku sumu, ikiwamo ile ya wavuvi haramu. Ni dalili tu, haijawa ushahidi. Mwenye mita ya oksijeni apime kabla jua halijachomoza, wakati oksijeni iko chini kabisa. Ikisoma chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawahimili. Akisubiri saa sita mchana mwani utakuwa umeshairudisha na kipimo kitasema maji ni mazima.

Chukua samaki anayetapatapa, si aliyevimba. Chota na maji, safari hii yana maana, kwa kuwa sumu bado inapita. Piga picha zenye tarehe. Na asiliwe hata mmoja, wala asipewe mbwa au bata.

Kupeleka taarifa

Usiende redioni na samaki mmoja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu, na waliolala njaa ni pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kushika sumu maishani. Rudia kipimo msimu ule ule wa mwaka unaofuata, samaki wa aina ile ile, urefu ule ule, maabara ile ile. Miaka mitatu ya namba zinazopanda chini ya machimbo, huku za eneo la kulinganisha zikibaki palepale, ni jambo ambalo hakuna ofisi inayoweza kulitupa kapuni kirahisi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kudai haki hiyo. Pelekeni matokeo kwa serikali ya kijiji, kwa ofisa mazingira wa wilaya, kwa bodi ya maji ya bonde na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), yakiwa na fomu za makabidhiano. Kila ofisi igonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, na nakala hiyo msimwachie mtu mmoja nyumbani kwake.